Kionga: ardhi iliyoandikiwa mikataba miwili

Ukikaa Chuno utasikia tu, mtu anakwambia kesho anavuka ng'ambo kwenda msibani, kana kwamba anaenda Mikindani. Ng'ambo hiyo ni Msumbiji. Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma, na ukoo mmoja unaweza kuwa na makaburi huku na mashamba kule. Sasa nani aliamua kwamba mto huu ni mpaka, na alimuuliza nani?

Turudi 1886. Mwaka huo yalipita makubaliano mawili, kati yake miezi miwili hivi. La kwanza, Uingereza na Ujerumani zilikubali kwamba Sultani wa Zanzibar ana ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, kuanzia mto Minengani kwenye ghuba ya Tungi, kusini ya Ruvuma, hadi Kipini, ambayo leo iko Kenya. Kisha tarehe 30 Desemba Ujerumani hiyohiyo ikaandikiana na Ureno kwamba mpaka wao ni Ruvuma. Umeona tatizo? Kipande cha pwani kati ya mdomo wa Ruvuma na Tungi kwa karatasi ya kwanza ni cha Sultani, kwa karatasi ya pili ni cha Mreno.

Ureno haikungoja mahakama. Mwaka 1887 ikaishambulia Tungi. Ujerumani nayo, baada ya kununua pwani ya Sultani mwaka 1890 kwa marki milioni 4, ikadai kwamba haki zake sasa ni za kwao, na 1894 ikaichukua Kionga. Ureno ikaitwaa 1916 katikati ya vita, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukaithibitishia. Kwa hiyo mzee wa Kionga angeweza kutawaliwa na Sultani, Mjerumani, kisha Mreno, bila kuhamisha hata chungu jikoni. Katika karatasi zote hizo yeye si upande wa mkataba. Ni kitu kinachogawanywa.

Linganisha na Kanada. Huko wenyeji wa asili waliandikiana wenyewe na Taji la Uingereza. Mikataba mingi ilivunjwa au ilitafsiriwa kwa hila, kweli, lakini walikuwa mezani, na Katiba ya 1982 inazitambua haki zao za mikataba. Ndiyo maana leo wanaweza kwenda mahakamani wakiwa na karatasi mkononi.

Sisi tuna nini? Tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na naona haisomwi vya kutosha. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wewe, mama yako na jirani mnayegombana naye. Tena vijiji viwili vinaweza kufanya makubaliano ya pamoja juu ya ardhi ambayo watu wa pande zote wamezoea kuitumia. Akija mtu na fomu iliyokwisha sainiwa, omba muhtasari wa mkutano mkuu. Kama hakuna muhtasari, uliza mkutano ulifanyika lini.

Ila sheria hiyo inaishia mtoni. Vijiji viwili vya Mtwara vinaweza kuandikiana juu ya bonde moja la mpunga. Kijiji cha ng'ambo, chenye wajomba walewale, hakiwezi kuwa upande wa makubaliano hayo.