Breki na Giaboksi ya Gari la Familia: Uchunguzi Kabla ya Spana (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza mfumo wa kupoza injini. Sehemu hii inahusu breki na giaboksi ya otomatiki katika magari ya familia ya aina ya Toyota Noah. Mifumo hiyo miwili huhesabiwa kuwa kazi za mafundi tofauti, ilhali hitilafu ya mmoja huweza kujitokeza kwa sura ya mwingine, hata giaboksi nzima ikashushwa kwa kosa lililokuwa kwenye breki.

Mfano wa kwanza ni gia inayogoma kutoka P. Gari la otomatiki huwa na kufuli la umeme linaloizuia gia isihame mpaka dereva akanyage breki, na taarifa ya kukanyagwa huko hutolewa na swichi iliyo juu ya pedali, ambayo ndiyo pia inayowasha taa za breki za nyuma. Kwa hiyo gia ikigoma, inafaa mtu mmoja akanyage breki huku mwingine akitazama nyuma ya gari. Taa zisipowaka, uchunguzi uanzie kwenye fyuzi na swichi hiyo, vitu ambavyo gharama yake haikaribii kabisa ile ya giaboksi.

Mfano wa pili ni gari linalokuwa zito. Kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ikikwama kwa kutu au uchafu, gurudumu huendelea kushikwa hata mguu ukiwa umeondolewa, na injini hulazimika kutumia nguvu zaidi. Wenye gari wengi hudhani giaboksi inateleza. Tofauti yake ni kwamba giaboksi ya gia nne inapoteleza, mizunguko ya injini hupanda bila mwendo kuongezeka, ilhali breki iliyokwama huacha mizunguko na mwendo viende sambamba, ila rimu ya gurudumu husika huwa na joto kuliko nyingine. Uthibitisho hupatikana kwa kupiga jeki mahali tambarare, baada ya kuweka vigingi kwenye magurudumu mengine, kisha kuzungusha gurudumu kwa mkono gia ikiwa N. Katika giaboksi ya CVT, inayotumia mkanda wa chuma kati ya puli mbili badala ya gia za hatua, mizunguko kutangulia mwendo kidogo ni kawaida yake na si ugonjwa.

Pedali yenyewe hueleza mengi. Ikiwa laini na ikapanda kwa kupigwapigwa, aghalabu kuna hewa kwenye mabomba. Ikizama polepole chini ya mguu uliotulia bila mvujo kuonekana nje, mipira ya ndani ya silinda kuu imechoka. Ili kupima busta, yaani chombo kinachoongeza nguvu ya mguu, pedali hukanyagwa mara kadhaa injini ikiwa imezimwa mpaka iwe ngumu, kisha injini huwashwa mguu ukiwa palepale: busta nzima huifanya pedali ishuke kidogo.

Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu wa hewa kadiri muda unavyopita. Kwa kiwango cha DOT 3, mafuta mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na unyevu kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyezeka, pedali huenda chini bila gari kusimama.

Kwa upande wa giaboksi, ile yenye stiki ya kupimia mafuta hupimwa ikiwa na joto, injini ikinguruma, gari likiwa mahali tambarare. Mafuta mekundu yaliyogeuka kahawia na kunuka kuungua huonyesha kwamba sahani za klachi za ndani zinaungua, na yaliyogeuka rangi ya maziwa huashiria maji ya rejeta yamepenya. Mafuta ya CVT hayabadilishwi kwa mafuta ya kawaida ya otomatiki, kwa sababu mkanda hutegemea msuguano maalumu. Ukiteleza, hukwaruza puli, na uharibifu huo hauponywi kwa kumwaga mafuta upya.

Mifumo hii hukutana zaidi mteremkoni. Anayeshuka Kitonga, mkoani Iringa, akiwa na abiria na mizigo, akiegemea breki peke yake hupasha moto pedi na mafuta kwa pamoja. Akishusha gia hadi 2 au L mapema, injini humsaidia kuzuia mwendo. Hivyo breki zinazonuka kuungua baada ya kila mteremko hazidai pedi mpya tu, bali pia zinamtaka fundi ahakikishe kwamba giaboksi inashuka gia inapoamriwa.

Sehemu ya tatu itaeleza shokamzoba, usukani na ulaji usio sawa wa matairi.