Jina la Ua, Mwili wa Mnyama: Uainishaji wa Encrinus liliiformis

Encrinus liliiformis ni spishi ya ekinodermata iliyotoweka. Visukuku vyake hupatikana katika mawe ya chokaa ya Ujerumani yenye umri wa takriban miaka milioni 240. Kwa karne nyingi watu waliokota vipingili vya shina lake, vilivyo mviringo kama sarafu, pasipo kujua kuwa ni viungo vya mnyama. Mwaka 1546 Georgius Agricola alivieleza miongoni mwa mawe.

Jina la spishi, lililotolewa na Lamarck mwaka 1801, lina maana ya “umbo la yungiyungi”. Mwaka 1821 Miller aliunda jina la ngeli, Crinoidea, ambalo nalo limetokana na ua hilo. Hata hivyo, mabamba ya kalisi na mpangilio wa sehemu tano humweka mnyama huyu katika faila moja na kiti cha pweza na jongoo bahari.

Mvuvi asemaye “jongoo bahari” anamjua mnyama anayemtaja. Mwanafunzi asomaye “yungiyungi bahari” aweza kudhani ni mmea. Kwa hiyo, kamusi zetu za istilahi zisiishie kutafsiri jina. Zitaje pia faila na ngeli.