Kivuli cha Pugu sasa ni mtaji

KISARAWE: Maziwa Natron na Eyasi, maarufu kwa chumvi na magadi, yako kaskazini mwa nchi. Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kupumzika huko hana budi kutenga nauli na gharama za malazi ya siku kadhaa. Kwa mwenye mfuko mdogo, mapumziko ya siku moja yanapatikana jirani, kando ya Bwawa la Minaki katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe.

Msitu huo uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Wageni hulipa kiingilio, kisha mwongozaji huwatembeza kwa miguu hadi kwenye mapango yaliyotokana na uchimbaji wa kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo, ulioanza enzi ya Wajerumani. Wakazi wa mapango hayo sasa ni popo, ambao hutoka kwa makundi jua linapozama. Baada ya matembezi watu hukaa kivulini, wakala na kuzungumza bila haraka.

Kwa upande wa soko, mgeni wa siku moja halipii kitanda. Fedha yake huenda kwenye usafiri, kiingilio, chakula na vinywaji. Hapo ndipo penye nafasi ya mtaji mdogo: mfugaji wa kuku wa Kibaha, muuza mihogo wa Kisarawe na mwenye basi dogo. Aidha, treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ina vituo vya Pugu na Soga, hicho cha pili kikiwa wilayani Kibaha.

Hata hivyo, wageni wa aina hii huja zaidi mwisho wa wiki na sikukuu, na mvua za masika huwapunguza. Mauzo ya Jumamosi yasichukuliwe kuwa kipimo cha wiki nzima.

Hatari kubwa zaidi ni mkaa. Kwa miaka mingi misitu ya Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu Kusini, unaogusa Kibaha na Kisarawe, imekatwa ili kulisha majiko ya Dar es Salaam. Mti uliochomwa huuzwa mara moja tu, lakini kivuli cha mti uliosimama huuzwa kila wiki. Isitoshe, Mto Msimbazi unaanzia katika vilima hivyo na kupita Jangwani, ambako mafuriko yamefunga barabara mara kwa mara na kuwatia hasara wafanyabiashara.

Wanaotaka kuingia katika biashara hii wanashauriwa kuulizia kwanza masharti ya TFS, na kununua jiko la gesi kabla ya viti. Anayepika pilau ya wageni kwa mkaa wa magendo anakula mtaji wake mwenyewe.