Acheni Kuikata Miti Vichwa

Upepo wa Kaskazi ukianza kulegea, mwezi wa Machi hivi, simu yangu haitulii. Watu wa Diani, Ukunda, Gazi na Msambweni wamekumbuka kwamba Kusi iko njiani pamoja na mvua zake, na kila mmoja ana mti anaouogopa. Juzi ilikuwa zamu ya mama mmoja wa Chale. Ana mwarobaini nyuma ya jiko, umelipita paa la mabati mara mbili kwa urefu, na kijana mwenye panga na kamba amekwisha kupatikana. "Mwanangu," akaniuliza, "aukate kichwa nusu, au ateremke zaidi?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, hata uvumilivu umenipungua. Hakuna nusu iliyo nzuri. Mti haukatwi kichwa, iwe kwa panga au kwa msumeno wa petroli, uwe mwarobaini, mwembe, mkungu au mvinje. Ukiukata leo, baada ya miaka michache utakuwa na mti wa urefu uleule, ila safari hii utakuwa wa hatari kweli, na wa kwanza kuumia huenda akawa kijana utakayempandisha kuukata tena.

Najua imani ya kukata kichwa inatoka wapi. Mti mfupi hauna cha kusukumwa na upepo, na siku ile ile ya kukatwa maneno hayo ni kweli. Anayekatiwa hutoka nje jioni, akaona kisiki kimesimama na anga tupu juu yake, akalala usingizi. Shida ni kwamba mti si ukuta, eti ukiupunguza utabaki pale ulipouacha. Una uhai, na umeondolewa jiko lake lote kwa siku moja. Majani ndiyo yanayopika chakula cha mti. Bila majani, mizizi haipati kitu, nayo mizizi ndiyo iliyoushika mti ardhini. Kwa hiyo mti hufanya jambo moja tu unaloliweza: hutoa akiba yote iliyofichwa ndani ya shina na kuamsha machipukizi yaliyolala chini ya gome.

Hayo machipukizi ndiyo kiini cha makala haya, na nawaomba mniazime masikio. Tawi la kawaida huanza pamoja na shina. Mwaka baada ya mwaka shina hulizungushia mbao na tawi hulizungushia shina, mpaka vinashikana kama vidole vya mikono miwili vilivyofumana. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kusimama juu ya tawi zuri la mwembe. Chipukizi la mti uliokatwa kichwa halina historia hiyo. Limeota kwenye ngozi ya nje ya kisiki, limebandikwa tu. Yanaota mengi mahali pamoja, yanagombania jua, yanakwenda juu membamba na marefu, kila moja likiongeza uzito bila kuongeza mshiko. Mwarobaini una sifa hiyo kupita kiasi. Ukikatwa kabla ya mvua, kabla mwaka haujaisha umejaa fimbo ndefu kuliko mtu, na aliyeukata atajisifu kwamba mti "umekubali."

Sasa tazama kisiki chenyewe kilichoshikilia fimbo hizo. Kule Marekani, mtaalamu wa magonjwa ya miti aitwaye Alex Shigo, aliyefanya kazi katika idara ya misitu ya serikali kuanzia mwaka 1959, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno kutoka juu hadi chini ili aone uozo unasafiri vipi ndani yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1977 yaligeuza kazi yetu sisi tunaopogoa miti. Mti hauponi kama ngozi ya binadamu. Mbao iliyojeruhiwa hubaki imejeruhiwa maisha yake yote, na mti unachofanya ni kujenga kuta za kuizunguka ili uozo usivuke. Kuta za pembeni ni imara. Ukuta wa juu na chini ni dhaifu, kwa sababu ndiko iliko mishipa ya kupitishia maji. Tawi dogo likikatwa mahali pake, mti unaweza kukizingira kidonda chake. Lakini shina nene likikatwa katikati, umeufungulia uozo mlango ule ule ambao mti hauwezi kuufunga. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, kuvu haichukui muda kuingia, na mchwa hufuata.

Kwa hiyo hesabu iliyobaki ni hii: fimbo nzito zilizobandikwa, juu ya kisiki kinachooza kutoka ndani, huku mizizi imepungua kwa njaa. Kusi ikija, hakuna anayekumbuka kwamba mti huo ulikatwa kichwa. Watasema mwarobaini ni mti mbaya.

Na hapo nimesema habari ya miti inayochipua. Mvinje mkubwa ukikatwa kichwa mara nyingi hauchipui, unakauka umesimama, na mvinje mkavu ufukweni hukatika vipande bila onyo. Mkoko wa Gazi vilevile: mchu unaweza kuchipua ukikatwa, lakini mkoko wenyewe ukikatwa mpaka pasipo na majani hauna machipukizi ya akiba, basi umekufa. Mwembe haufi upesi, ila magome yaliyokuwa kivulini miaka yote hupigwa na jua la saa saba, yakababuka na kupasuka. Ama mnazi, huko hatuhitaji mtaalamu. Mnazi una kilele kimoja tu, na hakuna Mdigo anayekikata akitarajia madafu. Nashangaa watu wanaoheshimu kilele cha mnazi namna hiyo wanavyovifanyia vilele vya miti mingine.

Nahodha akiona upepo umekuwa mkali hushusha tanga kubwa akatweka dogo. Hakati mlingoti. Kupogoa ndiko kubadilisha tanga: unapunguza majani ya nje yanayoshika upepo, shina na matawi makuu unayaacha mazima.

Watu huniambia, "Lakini miti mirefu inaanguka, tumeiona." Inaanguka, ndiyo, na mara nyingi sababu iko chini, si juu. Ardhi yetu kuanzia Diani hadi Msambweni ni udongo kidogo juu ya mwamba wa matumbawe. Mizizi haiendi chini sana, inatambaa pembeni, kupita hata kivuli cha mti. Mwaka kabla ya kuniita, mwenye kiwanja huwa amejenga ukuta. Fundi amechimba msingi hatua mbili kutoka kwenye shina, akakutana na mizizi minene kama paja, akaikata yote kwa shoka, kisha akafukia. Kama msingi huo umepita upande wa baharini, amekata kamba za nanga zenyewe, maana Kusi inatoka baharini na mizizi ya upande unakotoka upepo ndiyo inayouvuta mti usilale. Mti huo hauna lawama. Shimo la choo hufanya kazi hiyo hiyo, na mtaro wa bomba pia.

Sababu ya pili ni kufyeka. Mtu amenunua kipande cha msitu, amesafisha kila kitu, akabakiza mti mmoja mrefu kwa ajili ya kivuli. Mti ule ulikua katikati ya wenzake, wakikingiana upepo. Leo umesimama peke yake na mwili wa msituni. Nendeni mkaitazame miti ya Kaya Kinondo, ule msitu mtakatifu, au ya kaya iliyoko kisiwani Chale kwenyewe. Upepo ni huo huo wa baharini, na hakuna aliyeikata vichwa, kwa sababu wazee hawaruhusu hata kijiti kutoka. Kaya Kinondo iko katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Miti ile imesimama kwa sababu msitu umesimama.

Sasa yale ya kufanya, na nitakwenda haraka, kwa kuwa ni machache.

Kwanza angalia nyaya za stima. Kama tawi linagusa waya au liko karibu nao, usipande, usimtume mtu, usipeleke ufito mrefu wala ngazi ya chuma. Piga simu Kenya Power wazime laini kwanza. Tawi bichi linapitisha umeme. Shirika la Colobus Conservation pale Diani, linalowatunza mbega tangu mwaka 1997, hupogoa matawi yaliyo karibu na nyaya kwa sababu mbega wanakufa humo. Kinachomuua mbega kinamuua na mkwezi.

Ondoa yaliyokufa kwanza, kisha yanayosuguana, kisha yaliyorefuka kupita kiasi juu ya paa. Tawi refu halikatwi popote tu. Linarudishwa mpaka kwenye tawi dogo lililo hai, lenye unene usiopungua theluthi ya lile linaloondolewa, ili lishike uongozi. Usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka. Tawi nene hukatwa mara tatu: kwanza kutoka chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, theluthi ya unene, halafu kutoka juu, mbele kidogo ya hapo, lianguke bila kuchuna gome, mwisho kigutu kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe ulio mahali tawi linapotokea. Uvimbe huo usiuguse. Ndimo zilimo kuta za mti.

Kidonda usikipake kitu. Si oili chafu ya gari, si lami, si rangi, si chokaa, si saruji. Havizuii uozo, vinafunika unyevu tu. Mnazi usiukate makuti mabichi kwa urembo. Toa yaliyokauka na nazi zilizo juu ya njia ya watu, basi.

Usalama wa anayepanda si jambo la hiari. Asipande peke yake, wala mvua ikinyesha, wala upepo ukivuma. Kamba yake ifungwe kwenye shina zima lililo hai, kamwe si kwenye chipukizi wala kwenye kisiki. Msumeno wa petroli hautumiwi mtu akiwa amesimama juu ya ngazi, wala kwa mkono mmoja, wala juu ya usawa wa mabega. Kofia ngumu, miwani, kinga ya masikio, viatu vya ngozi badala ya ndala. Chini pasiwe na mtoto, mbuzi wala mtazamaji. Na wewe unayelipa, usijitoe kwa kusema ni kijana wa mtaani uliyepatana naye. Aliyeko juu ya mti wako yuko pale kwa sababu wewe umemtuma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtwika mwenye mahali pa kazi jukumu la usalama wa anayefanya kazi hapo.

Kabla ya kukata mti mkubwa, waulize Huduma ya Misitu na kaunti kama unahitaji kibali. Kwenye kaya, usiulize, hapakatwi.

Na kama umekagua ukaona uyoga umeota kwenye kitako cha shina, au udongo umeinuka upande mmoja, au ufa umetembea kutoka kwenye panda kwenda chini, hapo hofu yako ni ya haki. Mti huo uondolewe wote na mtu anayeijua kazi, kisha panda mwingine mbali na ukuta. Kuondoa mti mbovu ni uamuzi. Kuukata kichwa ni kuahirisha tu, na gharama yake inalipwa na mwingine.

Mama wa Chale amekubali kungoja. Nilipokwenda niliukuta mwarobaini wake mzima, una matawi matatu tu ya kurudishwa, na mizizi yake haijaguswa. Ila nawaomba jambo moja ninyi ambao mmekwisha kata. Kama mti wako ulikatwa kichwa miaka ya nyuma, hata kama ni marehemu baba yako aliyeukata, hata kama sasa umefunga majani na unapendeza, mwambie mkwezi kabla hajapanda. Yeye kutoka chini haoni kisiki kilichooza ndani ya kijani kile. Wewe unajua kipo.