Dawa ya Maji: Tuiogope au Tuitumie?

Wako watu wanaokataa kutia dawa katika maji ya kunywa kwa sababu wamesikia kwamba klorini huleta kansa. Neno hilo lina ukweli kidogo, lakini likieleweka vibaya linaweza kumwua mtoto.

Klorini huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Lakini maji tunayochota ziwani, hapa Kiriba na mwambao wote wa Ziwa Victoria, hayana vijidudu peke yake. Yana pia mabaki ya majani, magugumaji, mwani na takataka za mashamba zinazoletwa na mvua. Klorini ikikutana na uchafu huo huzaa kemikali nyingine, mojawapo ikiwa kloroformu. Mtaalamu Johannes Rook wa Rotterdam, Uholanzi, alilitangaza jambo hili mwaka 1974.

Je, kemikali hizo zina madhara? Wanyama waliopewa kloroformu nyingi katika maabara walipata kansa. Kwa binadamu, uchunguzi mwingine umeonyesha kansa ya kibofu cha mkojo kuzidi kidogo kwa waliokunywa maji yenye kemikali hizo miaka mingi, ingawa haijathibitika kwamba ndizo zilizoileta. Shirika la Afya Duniani linashauri kloroformu isizidi miligramu 0.3 katika lita moja ya maji. Lakini shirika hilohilo linaonya kwamba hofu hii isitufanye tuache kuua vijidudu. Kipindupindu hakingoji miaka. Huweza kuua kwa saa chache. Mwaka 2015 kilianza Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi, Mara ukiwamo.

Basi, tufanye nini?

1. Usichote penye mwani wa kijani unaoelea. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha.

2. Acha maji yatulie usiku kucha. Mimina polepole yale ya juu, uyachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Uchafu ukipungua, kemikali hupungua, na dawa hubaki na nguvu ya kuua vijidudu.

3. Ndipo utie dawa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kidonge cha lita 20 ni cha ndoo ya lita 20, si cha dumu dogo. Koroga, funika, ngoja dakika 30.

4. Ukiwa na kuni za kutosha, unaweza kuchemsha badala ya kutia dawa. Maji yakitokota vijidudu hufa.

5. Weka maji katika chombo safi chenye mfuniko, uchote kwa kata yenye mpini.

Harufu kidogo ya klorini isikutishe: ni dalili kwamba dawa ingali kazini. Tuogope zaidi maji yasiyotiwa dawa wala kuchemshwa, hata yakionekana maangavu.