Kompyuta Inayostaki: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Kompyuta ikiganda, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, mashine bado inakusikia: huenda programu moja imekwama, au hadi diski inachelewa kujibu. Taa isipobadilika, kishale kimetulia na spika zinarudia mlio uleule bila kukoma, hapo shuku RAM, joto, umeme, draiva au mazabodi. Kipimo hiki ni cha bure, na kingeniokolea hela nyingi ningekijua mapema.

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa, ukipeleka mashine inayostaki kwa fundi, mara nyingi unaambiwa, "Tupige Windows upya." Ya kwangu ya steshenari ilipigwa Windows mara mbili. Kila mara ilitulia siku chache, kisha ikaganda tena, safari moja nikiwa nachapa barua ya mama aliyekuwa anawahi gari la Bukoba. Nililipa ufundi mara mbili na wateja wakahamia duka la pili, kumbe ubovu ulikuwa kwenye RAM.

RAM hupimwa usiku. Weka Memtest86+ kwenye flashi, ni programu ya bure, washia mashine humo kisha ukalale. Kompyuta ya mezani inayokula wati 100 kwa saa 8 inatumia uniti 0.8. Hata kwa anayenunua LUKU kwa takriban shilingi 356 kwa uniti, usiku mzima hauzidi shilingi 300. Asubuhi ukikuta mstari mwekundu hata mmoja, usimlipe mtu kupiga Windows. Ila usikimbilie kununua RAM mpya pia. Zima, chomoa waya wa umeme, toa vipande vyote, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli mpaka yang'ae, pangusa vumbi la ufutio, kisha pima kipande kimoja kimoja. Wakati mwingine ufutio peke yake unamaliza kazi.

Joto linajulikana kwa saa. Mashine inayowaka vizuri asubuhi, ikaganda baada ya nusu saa ya kazi nzito, ina uwezekano mkubwa wa kuwa imeziba vumbi au pasta ya kwenye prosesa imekauka. Vumbi letu jekundu huingia hata dirisha likiwa limefungwa. Wapo wanaopulizia kwa kompresa ya mafundi wa matairi. Ni rahisi, lakini kompresa hutema maji pamoja na hewa, na feni ikizungushwa kwa kasi ile inaweza kuharibika. Brashi laini ya rangi ni salama zaidi. Pasta nayo ni kitu cha bei ndogo, na fundi mzuri hachukui muda mrefu kuipaka.

Kwenye hadi diski sishauri kubana hela. CrystalDiskInfo, nayo ya bure, ikionyesha namba za 05 au C5 zinapanda, acha vipimo vyote na nakili kazi zako kwanza. Kisha nunua SSD. Kati ya hadi diski ya mtumba na SSD ndogo mpya ya GB 256, mimi nachagua SSD bila kusita: hiyo ya mtumba hujui ilishaanguka mara ngapi.

Umeme nao una dalili zake. Laptop itumie kwa betri tu, chaja ikiwa imechomolewa. Ikitulia, azima chaja nyingine kabla ya kununua. Ya mezani, azima pawa saplai kwa jirani kwa siku moja. Msimu wa mvua radi zetu ni kali, na UPS inasaidia umeme ukikatika, lakini radi ikianza kupiga hakuna kinga inayoshinda kuchomoa waya ukutani.

Kuhusu mahali pa kununua spea: aliye Kyerwa karibu na Murongo huvutwa kuvuka kwenda Uganda, wa Kayanga hutazama Bukoba kupitia Kyaka. Linganisha bei ukiwa umejumlisha nauli ya kwenda na ya kurudi, halafu ongeza safari ya pili, kwa sababu spea mbovu lazima irudishwe. Muuzaji wa jirani anayekupa risiti na wiki mbili za kujaribu anaweza kuwa nafuu hata kama bei yake imezidi kidogo. Na kama vipimo vyote vimepita ila mashine inaganda hata kwa Windows mpya, shuku mazabodi. Kwa kompyuta ya zamani, hapo mimi huacha kutengeneza, nikauza vipande vilivyo vizima.

Yangu ilikuwa na vipande viwili vya RAM vya GB 4, na kimoja ndicho kilichokuwa kibovu. Sikununua kitu. Naendelea na kile kizima, mashine ni nzito kidogo lakini haijaganda tena. Kile kibovu nimekitia kwenye bahasha na kuiandika MBOVU kwa kalamu nyekundu, kisije kikarudishwa ndani na mtu mwenye haraka.