Mzio Unaokuja Baada ya Kurudi Nyumbani

Mtu amepasuliwa Malindi, ameruhusiwa siku ya tatu, amepanda tuktuk hadi kwao Kisumu Ndogo. Wiki moja baadaye mwili mzima umejaa upele mwekundu unaowasha. Jirani mmoja atalaumu pweza, mwingine joto. Dawa alizopewa hospitalini hazitajwi kabisa, nami ndizo ningezishuku kwanza.

Mzio tuliouzoea hutokea papo hapo: mwili huachilia histamini, na kwa dakika chache shinikizo la damu huporomoka na kifua hubana. Hayo hutokea mbele ya mtaalamu wa nusu kaputi, adrenalini ikiwa karibu. Mzio wa kuchelewa hauna shahidi. Huletwa na seli za T, askari wa damu wanaohitaji muda wa kuitambua dawa na kuongezeka. Mara ya kwanza huchukua wiki moja au zaidi. Dawa ileile ikirudi, siku moja au mbili zatosha.

Aghalabu dawa ya usingizi yenyewe haina kosa. Mkosaji ni antibiotiki iliyodungwa kabla ya kisu, au vidonge vya maumivu alivyopewa kwenda navyo. Plasta nayo huacha upele pale ilipobandikwa.

Lakini halothani, dawa ya usingizi ya kuvuta kwa pumzi, ina kisa chake. Ilianza kutumika 1956, na kwa kuwa bei yake ni rahisi, hospitali za Afrika Mashariki ziliendelea nayo muda mrefu baada ya nchi tajiri kuiacha. Ini huvunjavunja takriban asilimia 20 ya halothani iliyoingia mwilini. Ya isoflurani, dawa nyingine ya usingizi, ni asilimia 0.2 tu. Masalia ya halothani hunata kwenye protini za ini, na kinga ya mwili huliona ini kama kitu kigeni, ikalishambulia. Siku kadhaa baadaye huja homa, kisha macho ya manjano, ambayo huku Pwani ni rahisi kudhaniwa malaria. Ni nadra, ila inaua, na hatari hupanda kwa anayepewa halothani tena baada ya muda mfupi, kama aliyeungua moto anayerudishwa kusafishwa vidonda chini ya nusu kaputi.

Kwa hiyo usitoke wodini bila majina ya dawa ulizopewa, yakiwa yameandikwa. Upele ukitokea, rudi hospitalini. Usinunue antibiotiki nyingine dukani, huenda ni ya jamii ileile. Ukiona malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu yanayouma au ngozi inayochunika, usingoje kuche. Mwombe mhudumu aijazie Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya fomu ya manjano ya madhara ya dawa, na jina la dawa inayoshukiwa liandikwe kwenye kadi yako. Ukija kupasuliwa tena, itoe kadi hiyo kabla hujalala kitandani. Mtaalamu wa nusu kaputi akiijua dawa, ana ketamini, propofoli au ganzi ya mgongo ya kuchagua.